Sahani za Pelden

Kifurushi kilifika siku ile ile mwanangu Salim alipokuja kunifunga. Nasema kunifunga kwa kuwa ndivyo kulivyo, ingawa yeye mwenyewe anaita kunipumzisha. Alikuja hapa Ghubra, Muskat, na gari lake lile refu, ambalo aliyekaa nyuma anafika dereva keshateremka na keshasalimia watu, akakaa meza ya pembeni ya mkahawa wangu, akaagiza chai ya maziwa na mandazi, akala sinia zima, akaomba mengine, akapangusa mdomo, ndo akaanza kunieleza kwa nini mkahawa huu haufai tena. Mol imefunguliwa ng'ambo ya barabara, ina ghorofa nzima ya vyakula. Mwenye jengo anataka kuutia humu mkahawa wa vijana, wa kahawa ile wanayoichora jani juu yake. Mie umri umekwenda. Chumba changu kiko tayari kwake Qurum, kina dirisha la kutazama bahari. Nikamwambia bahari nshaiona. Akasema, "Mama, huu si ubishi, hii ni dunia imebadilika." Nikamwambia dunia ilianza kubadilika kabla ya yeye kuota meno, na mie ndo niliyekuwa nikiipikia.

Hapo hapo akaingia mtu wa vifurushi na boksi kutoka Amerika. Ndani, magazeti yamekunjwakunjwa, na ndani ya magazeti sahani ya kioo kinene, ile ya kutia ovenini, ina masikio mawili ya kushikia. Nikaipindua. Chini yake plasta, imegeuka rangi ya chai, na juu ya plasta herufi nne. Mie kusoma si mtu wa kusoma, hata haya nayasemea simu na simu ndo inayoandika, lakini herufi zile nne nazijua kama ninavyoijua sura ya Salim. Dori. Nikakaa chini. Watu walionizoea wanajua mie sikai chini mpaka Isha, kwa hivyo mkahawa mzima ukanyamaza, hata feni ilinyamaza, wallahi.

Salim akapiga simu namba iliyokuwa kwenye boksi. Akapokea Jeni, binti yake Dori, mtu mzima sasa, ana wajukuu. Akasema mama yake kafariki msimu wa baridi uliopita, na kabla hajafa alikuwa akimkumbusha kila akimpelekea supu: hiyo sahani ni ya Muskat, zamu ni yangu, na isiende tupu. Na kweli haikuja tupu: nilipoipindua kilidondoka kitu kimefungwa kwa kitambaa cha jikoni. Nikakifungua, nikakitazama, nikakifunga tena. Ni kipande cha ubao tu, na bila ya kuujua mwaka wetu wa Pelden, kule Amerika, hata wewe ungekitia motoni.

Ya ukoo wetu siyasemi, ukoo wetu mrefu, nikianzia Unguja nitamalizia Nizwa na chai yako itakuwa barafu. Nnaanzia pale tulipoteremka kwenye basi. Serikali ya Omani ilikuwa ikipeleka watu Amerika kusoma, na marehemu mume wangu Nassor akapelekwa kusomea mambo ya maji na mashamba. Sie Amerika tuliyoijua ni ile ya majengo yanayokwaruza mawingu, mpaka nikashona nguo mbili makhsusi za kupandia lifti. Basi lilituteremsha mbele ya mkahawa mmoja, likaondoka. Tukatazama kulia, barabara. Tukatazama kushoto, barabara ile ile. Nassor akaniambia, "Labda mji uko nyuma ya mji huu." Hakukuwa na kitu nyuma. Kulikuwa na mto, na nyuma ya mto mahindi, na nyuma ya mahindi mahindi mengine, mpaka mwisho wa uwezo wa Mungu wa kuumba mahindi. Chuo kilikuwa mji wa jirani, lakini fleti ya uwezo wetu ilikuwa pale Pelden, juu ya duka la viatu lililofungwa.

Fleti ilikuwa vyumba viwili na ngazi ya mbao nyuma. Chini bado kulikuwa na harufu ya ngozi na maboksi matupu yamepangwa mpaka darini, ukipita unahisi miguu mia inakutazama. Bomba la moto lilikuwa likigonga kama mtu kafungiwa ukutani. Na baridi ya nchi ile, usiniulize. Ukimimina chai, ukigeuka kuchukua sukari, ukirudi ukiigusa kwa kijiko inalia kama kengele ya skuli. Upepo ukikuingia shingoni leo unakutokea kesho kutwa. Dirisha langu lilitazama njia kuu, na njia kuu ilikuwa imepigwa mbao mdomo mzima: benki imegeuzwa kanisa, sinema imegeuzwa ghala, na ghala limegeuzwa kitu ambacho hakuna aliyenijibu ni kitu gani. Kilichokuwa na taa ni kile kile kituo cha basi, mkahawa wa Dori.

Dori alikuwa mrefu, hata jikoni kwake sufuria zilitundikwa mahala ambapo mie ningehitaji ngazi. Alikuwa na sigara nyuma ya sikio, na mwaka mzima sikumuona akiivuta. Siku ya pili tu alivuka barabara, akapanda ngazi yetu, akanipa sahani ya makaroni na jibini, moto. Nassor akamuuliza kwa Kiingereza kama mna nguruwe. Dori akafikiri, akaichukua sahani kutoka mkononi mwangu, akateremka nayo. Nikamwambia Nassor, haya, ushatufukuzia jirani. Saa haijesha akarudi na sahani nyengine, na siku ya pili yake alinunua kikaango kipya akakitundika msumari wake peke yake na kitambaa chekundu, na yeyote aliyekigusa kwa nyama ya nguruwe alipigwa kofi la mkono. Mzee mmoja pale kaunta alisema kikaango kile kina heshima kuliko meya.

Mzee huyo jina lake Roi. Alifanya kazi kiwandani tangu ndevu hazijaota, na baada ya kiwanda kufungwa alikuwa akija kaunta asubuhi na kukaa mpaka kikombe chake kimoja cha kahawa kinaota majani. Kiingereza changu nimesomeshwa na Mzee Roi. Ndo maana mara ya kwanza nilipokutana na profesa wa Nassor nikamuamkia kwa ufasaha, profesa akaweka kikombe chini na Nassor akaanza kukohoa, kumbe maneno yale huamkiwa punda akigoma. Lakini kwa Mzee Roi ndo nilipoijua Pelden. Ukienda mtoni ukingoni unakanyaga makombe, si mchanga, makombe ya chaza wa mtoni, na kila kombe limetobolewa matundu ya duara, sawasawa, kama mtu kalila kwa bomba. Nilidhani ni wadudu wa Kiamerika. Mzee Roi akaniambia, kila tundu ni kifungo cha shati. Zamani wanaume walikuwa wakiteremka mtoni kuvua makombe, kiwanda kikikata vifungo, wanawake wakisugua mpaka ving'are kama lulu, na treni ikija kuvibeba. Alisema kulikuwa na wakati ambapo mtu yeyote duniani akivaa shati, kwanza anaishukuru Pelden. Na mie nikamuamini, kwa sababu marehemu babu yangu alikuwa na kanzu yenye vifungo hivyo hivyo.

Halafu makombe yakesha mtoni. Wakahamia vifungo vya plastiki. Halafu pakawa na mgomo, nusu ya mji nje ya geti na nusu ndani, ndugu kwa ndugu. Halafu mwenye kiwanda akapakia mashine akazipeleka kwenye nchi ambayo watu hawagomi. Barabara kuu mpya ikapita mbali kidogo, kidogo tu, lakini gari haina huruma, na penye njia panda pakajengwa duka kubwa, lina kila kitu isipokuwa mtu wa kukuuliza umeamkaje. Mzee Roi aliposimulia hivyo mie nikacheka, akakasirika. Nikamwambia sikucheki wewe. Kwetu Unguja yalikuwa ni karafuu. Bei ikipanda watu wanaoa, ikishuka wanakosana. Mji uliosimama kwa mguu mmoja nnaujua kwa harufu, ukinishusha kwenye basi nimefumba macho ntakwambia mguu wenyewe upi. Na leo nikikaa hapa Ghubra nikiwasikia vijana wanavyohesabu pipa la mafuta limepanda au limeshuka, miguu yangu inahisi makombe.

Sasa, mkahawa ule Dori alikuwa mwenyewe kwa jina tu. Jengo lilikuwa la Bwana Klaid, mwanamme mkimya mwenye kofia, mwenye safu nzima ya njia kuu, na kazi yake ilikuwa kuzungukia majengo yake kuyapiga mbao kama mtu anayewafumba macho maiti. Kiwanda kilipofunga zamu ya mwisho, hapakuwa na wa kuja kula mchana. Bwana Klaid akamwambia Dori hawezi kupasha moto jengo kwa ajili ya wazee watatu na kahawa moja. Ukifika msimu wa theluji anafunga. Na mkahawa ukifungwa basi halisimami, maana tikiti zilikuwa zikikatwa pale kaunta. Na basi lisiposimama, alisema Mzee Roi, Pelden itakuwa kitu cha kuonea dirishani ukielekea kwengine. Dori alikuwa akisugua kaunta pale pale alipokwishasugua.

Huku na huku, wanawake wa kanisa wakaja kunikaribisha. Wema wao si wa mchezo. Walipanda ngazi ile mmoja baada ya mmoja, kila mtu na sahani yake, viazi, kuku, keki ya tufaha, mpaka fleti ikainama upande wa jikoni. Na kila sahani chini ina plasta na jina. Kumbe wao wana desturi yao: unaandika jina ili sahani ikimaliza kuliwa irudi, imeoshwa, tupu, iingie kabatini, khalas. Tupu. Mie nikisikia hivyo mwili unasisimka. Kwetu sahani ya jirani ikiingia na kitu inatoka na kitu. Ndizi mbili, kipande cha mkate, hata chumvi, lakini kitu. Kumrudishia mtu sahani tupu ni kumwambia basi, tushamalizana, usije tena. Na mie katika nchi ile ya mahindi sikuwa na shangazi, sikuwa na wifi, sikuwa na shoga hata mmoja wa kumalizana naye.

Nikapika. Sanduku nililotoka nalo Muskat lilikuwa nusu nguo nusu viungo, mpaka mbwa wa uwanja wa ndege walipiga chafya kwa foleni. Nikapika pilau, nikakaanga sambusa, nikachoma mkate wa kumimina, kwa muda wa siku nzima, mpaka harufu ya karafuu na bizari ikateremka ngazi, ikavuka njia, na Mzee Roi akaja kusimama chini ya dirisha na kikombe chake mkononi. Asubuhi Nassor wakati anaondoka alikuwa keshaniambia, "Majina usiyasahau, kila sahani na mwenyewe." Nikamjibu, "Mie mtoto?" Sasa utarudi vipi kwa mwanamme uliyemjibu hivyo ukamwambia hujui kusoma plasta? Nikazipanga kwa akili yangu. Sahani nene kwa mwanamke mnene. Yenye maua kwa yule mwenye gauni la maua. Yenye mpasuko kwa yule aliyekuwa akilia lia. Nikaziita zote kwa majina niliyozipa mwenyewe, nikatia buibui, nikazitembeza Pelden nzima kwa kigari cha mtoto nilichokiokota nyuma ya duka la viatu. Theluji ya kwanza ilikuwa ikianguka. Aliyeniona dirishani siku ile, kitu cheusi kinasukuma kigari kinachofuka moshi, nadhani mpaka leo anasali kwa bidii.

Hakuna sahani hata moja iliyofika kwao. Ile ya Dori tu, kwa sababu ilikuwa ng'ambo ya njia. Na kule kwao, sijui, nani angeniambia, chakula kinapelekwa mlangoni kwa mtu mgonjwa au aliyefiwa. Basi kila mwanamke akafungua mlango akakuta mgeni, chakula cha moto, na sahani ya jirani yake. Simu zikaanza. Pelden nzima ikaulizana nani kafa. Mzee Roi aliniambia baadae, kwa sauti ya chini, "Tulidhani mji wenyewe ndo umekufa, na wewe peke yako uliyekumbuka kuleta chakula cha msiba."

Nassor alikasirika, alitaka twende nyumba moja moja tukaombe radhi. Nikakataa. Nimuombe nani radhi, kwa pilau? Mpaka leo nnakataa. Sahani zile ningezirudisha vile vile, na kama ningejua kusoma ningezichanganya kwa makusudi. Kwa sababu sasa kila mwanamke ana sahani isiyo yake, na hawezi kuiweka kabatini ina jina la mwengine, na hawezi kuitupa. Lazima akutane na mwenyewe. Na wengi wao walikuwa hawajakutana tangu mgomo. Walikuwapo dada wawili, Bi Luisi na Bi Nora, baba mmoja mama mmoja. Mume wa Luisi aliingia kiwandani wakati wa mgomo, mume wa Nora alisimama nje getini. Walikuwa wakikaa mtaa mmoja, na kanisani mmoja akikaa kulia mwengine anakaa kushoto, na kama kanisa lingekuwa na ghorofa nadhani mmoja angekaa juu. Sahani ya Luisi mie niliipeleka kwa Nora. Ndo ile yenye mpasuko.

Nyumbani kwa Luisi Nora hakutaka kwenda, na Luisi kwa Nora ndo kabisa. Ikatumwa habari kwamba sahani itaachwa kwa Dori. Na wengine wakasema na wao wataacha kwa Dori, iko katikati. Mchana wa Alhamisi, nakumbuka kwa kuwa Nassor hakuwa na darasa Alhamisi, wanawake wakaanza kuingia mkahawani na sahani za wenzao. Na hapa ndo nilipowapenda watu wale kwa roho yangu yote: hakuna aliyekuja na sahani tupu. Waliona aibu. Wamekula sambusa zangu kutoka kwenye sahani ya jirani, wataipeleka vipi tupu? Kila mmoja kaja na kitu. Nora akaja na kuku kwenye sahani ya dada yake, akaiweka kaunta, akageuka aondoke, na Luisi huyo anaingia. Dori kwa nyuma ya kaunta akasema tu, "Nora, kuku huyo atapoa." Wakakaa. Viti viwili katikati yao, kisha kimoja. Hawakuzungumza habari ya kiwanda. Walizungumza habari ya mpasuko wa sahani, nani aliupasua, mama yao au shangazi yao, na waligombana, na ulikuwa ugomvi mzuri kuliko nyimbo. Alhamisi iliyofuata wakaja tena, maana sahani zilikuwa zimechanganyika upya. Waume wakafuata harufu. Mie nikawa napika jikoni kwa Dori, nimesimama juu ya kreti la soda kuzifikia sufuria, kikaango chetu cha kitambaa chekundu kinalia, na wazee wanne wakikaguana kwenye foleni ya pilau kama maaskari.

Bwana Klaid hakuwa mtu wa kubadili neno. Alhamisi moja, theluji mpaka kwenye vidirisha, alikuja na funguo na mbao zake na nyundo. Akafungua mlango akakuta hapana hata pa kusimama. Watu wakamtazama, vijiko hewani. Hakupiga kelele, nnampa haki yake. Alikigeuza tu kile kibao kilichotundikwa mlangoni kwa uzi, upande mmoja kimeandikwa wazi, upande wa pili kimefungwa. Akakigeuza, upande wa kufungwa ukatazama nje, akasema amempa Dori muda wa kutosha, watu wamalize kula. Mie sikuwa na habari ya maneno, lakini sura ya Dori niliisoma. Nilidhani atalia. Akatoka nyuma ya kaunta akipangusa mikono, akafungua mkoba wake, akatoa rangi ya kucha, nyekundu, akakitoa kibao mlangoni, akakilaza kwenye kaunta mbele ya Bwana Klaid, na akaupaka upande wa kufungwa. Taratibu, kama anajipaka kucha za harusi. Herufi ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Mkahawa mzima ulinuka rangi na bizari. Alipomaliza akakipuliza kikauke, akakitundika, akamwambia, "Haya. Kigeuze sasa unavyotaka."

Bwana Klaid akabaki na nyundo yake. Mie ndo niliyeshuka kwenye kreti. Nikampakulia pilau, nyama juu, kachumbari pembeni, katika sahani ya kioo, na nilikuwa nshajifunza, nikaomba plasta kwa Dori nikamwambia Nassor aandike jina langu chini. Nikampa mkononi. Mtu mwenye sahani ya moto mkono mmoja na nyundo mkono wa pili lazima kimoja akiweke chini, na akaweka nyundo. Alikuwa kafiwa na mkewe miaka mingi, alikula wali ule kama mtu anayesikiliza habari ya mbali. Akataka kuondoka na kilichobaki. Nikamwambia achukue, na Nassor akamfasiria kwa adabu zote: kwetu sahani hairudi tupu, Bwana Klaid, tutakungojea Alhamisi. Utafunga vipi mahala ambapo unangojewa na sahani? Alhamisi akaja. Sahani yangu ilikuwa na maharage ya kopo, kayapasha moto mwenyewe, yameungua upande mmoja. Tuliyala kama biriani ya Idi, na Mzee Roi akaomba kuongezewa. Nyundo ilibaki chini ya kaunta, ikawa ya kuvunjia karanga.

Sikwambii kwamba Pelden ilinyanyuka ikawa Dubai. Skuli ilifungwa mwaka ule ule. Luisi na Nora waligombana tena, safari hii juu ya saa ya ukutani. Mbao za njia kuu zilibaki mbao. Lakini basi lilisimama. Kwenye televisheni mara moja moja namuona mtu na tai anasema miji midogo kama ile imekufa kwa kuwa dunia imekwenda mbele, na anasema kama anavyosema mtu habari ya mvua. Mie nilikuwapo. Dunia haikuja Pelden na nyundo. Alikuja mtu, ana jina, ana kofia, na alikuwa na njaa.

Tulipoondoka nilimpikia Dori halua, nikaisonga mpaka mkono ukawa mrefu kuliko mwengine, nikaitia kwenye sahani yake mwenyewe ile ya makaroni. Tuliagana pale pale mbele ya mkahawa, basi linaunguruma. Akaipokea, akaitazama, akasema, "Zuwe, sasa zamu yangu." Zuwena ilimshinda. Nikamwambia zamu yako, na nnakujua wewe, utanichelewesha. Akacheka mpaka sigara ikaanguka sikioni. Tangu siku hiyo nnangojea. Nimezaa, nimezika mume, nimefungua mkahawa huu na kikaango kimoja, na katika miaka yote hiyo kuna sahani moja mahala duniani ambayo bado ilikuwa njiani kuja kwangu. Mtu mwenye sahani njiani hawezi kusema kamalizana na dunia.

Basi juzi hapa, Salim kamaliza simu, mie nikafungua kile kitambaa cha jikoni tena. Kibao, uzi wake ule ule. Nikaenda nikakitundika mlangoni. Salim akanifuata, akakisoma, akakigeuza kutazama nyuma. Rangi nyekundu imepasuka pasuka lakini imeshika. Akakigeuza tena, akakigeuza tena, kama mtu anayetafuta mfuko kwenye shati lisilo mfuko.

"Mama, upande wa kufungwa uko wapi?"

"Ulipakwa rangi Pelden, baba, wewe hujazaliwa. Kaa, pilau inaiva."

Akakaa. Sahani ya Dori nnaijaza halua ya Muskat, ile nyeusi, itakwenda kwa Jeni, na Salim ndo atakayeipeleka posta, nshamwambia, badala ya kunitafutia dirisha la bahari. Mwenye jengo kapiga simu kwamba atakuja Alhamisi mchana kuchukua funguo. Aje. Nimewaambia wateja wote waje na wao, na walioanza kula mol nimewaambia ntawasamehe siku hiyo moja. Sahani ya mwenye jengo nshaitoa kabatini, nzuri, ya kioo. Jina langu Salim kaliandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye plasta.